Tangi la vyumba vinne la fundi wa Ngamiani: madume wanne wa beta, maji mamoja

Ukitaka kufuga madume wa samaki aina ya beta zaidi ya mmoja kwenye tangi moja, cha kwanza kukiangalia ni ukuta wa katikati. Mchanga, mimea, taa, vyote hivyo vinasubiri. Nina tangi la vyumba vinne nililotengenezewa na fundi vioo wa Ngamiani, hapa Tanga, na kabla yake nilishatumia vigawanyio vya kununua ambavyo simshauri mtu avitolee hela. Tangi lipo saluni kwangu, kona ya wateja wanaosubiri zamu, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza nimelipata wapi, linagharimu kiasi gani, na inakuwaje samaki wale hawauani. Basi naandika yote hapa, mazuri na mabaya.

Tuanze na samaki mwenyewe, maana asiyemjua ataona haya yote ni mbwembwe. Beta anatoka Thailand na nchi zinazopakana nayo, kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na madimbwi ya maji yaliyotulia. Wenyewe wanamwita pla kat, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Dume hamtaki dume mwenzake. Kwa vizazi na vizazi watu wamechagua wakali wakawazalisha na wakali wenzao, kwa hiyo huyu tunayemfuga nyumbani ni mkorofi kuliko ndugu yake wa porini. Kule porini aliyezidiwa hukimbia akajificha kwenye majani. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia, ataliwa mapezi mpaka afe.

Wafugaji wa Thailand wana njia yao ya zamani. Kila dume anakaa kwenye chupa yake, chupa zinapangwa zikiwa zimegusana, na katikati ya kila mbili kunachomekwa karatasi ngumu. Karatasi ikitolewa madume wanaonana, wanafungua mashavu, wanatandaza mapezi, wanajionyesha. Baada ya muda mfupi karatasi inarudi mahali pake. Kuonana kwao ni mazoezi ya muda mfupi. Ukiwaacha waonane kutwa nzima, unawachosha na kuwaumiza hata kama hawajagusana.

Hapo ndipo vigawanyio vya dukani vinaposhindwa. Nilichokuwa nacho mwanzo ni shiti ya plastiki yenye matundu, imekatwa kwa ajili ya tangi la sentimita 60, ina vimpira vya kunasa kwenye kioo. Siku ya kwanza inasimama vizuri. Kioo kikishaota ute, vimpira vinateleza, shiti inalala upande, na pembeni panabaki uwazi. Beta ni mwembamba jamani, upenyo wa kuingiza kidole unamtosha kabisa. Lakini ubaya mkubwa zaidi ni kwamba shiti yenyewe inaonyesha. Dume wangu mwekundu, Sultani, alikuwa akisimama mbele ya yale matundu tangu taa inapowashwa, mashavu wazi, mwili umekakamaa. Chembe za chakula zinampita puani wala hazioni. Mkia ulianza kuchanika kwa kujipigapiga kwenye plastiki. Kigawanyio cha namna hiyo kinawafaa samaki wapole unaotaka kuwatenga kwa siku kadhaa, si beta wawili wa kuishi jirani maisha yao yote.

Kuna na vile visanduku vya mapambo vinavyouzwa kwa jina la tangi la beta, vyumba vitatu, kila kimoja hakifiki lita mbili za maji. Hivyo sivitaki hata kwa zawadi. Samaki anatoa amonia kila saa kupitia mashavu na kinyesi chake, na kwenye maji machache namna ile sumu hiyo inapanda haraka sana. Watu husema beta anaishi popote kwa sababu anavuta hewa ya juu. Ni kweli, ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kupanda juu na kumeza hewa, ndiyo maana husafirishwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki wenye maji kidogo na hewa. Lakini kuvumilia safari ni jambo moja, kuishi ni jambo jingine.

Sasa tangi lenyewe. Fundi huyu kazi yake hasa ni madirisha ya aluminiamu na makabati ya vioo, matangi ya samaki anatengeneza kwa oda. Nilimpelekea mchoro kwenye karatasi ya daftari: urefu sentimita 100, upana 30, kimo 35, kioo cha milimita 6, kuta tatu ndani zinazochomoka. Nikijaza maji mpaka sentimita 28 na kutoa nafasi ya mchanga, kila chumba kinapata kama lita 18. Kwa dume mmoja wa beta hiyo ni nyumba ya heshima.

Aliponiuliza, "Anti, kwani hawa hawawezi kuzoeana? Mbona paka na mbwa wanazoeana?" nilimfungulia video kwenye simu, madume wawili waliotenganishwa kwa kioo kitupu, namna wanavyokipiga vichwa kile kioo. Aliangalia mpaka mwisho, akachukua futi yake, akaongeza sentimita tatu kwenye urefu wa kuta bila mimi kumwambia. Fundi anayesikiliza hivyo nampa kazi moyo ukiwa mweupe.

Kwenye silikoni nilikuwa mkali tangu mwanzo. Silikoni ya bafuni ina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo inaua samaki. Alinionyesha tyubu kabla ya kufungua, ilikuwa ile ya kawaida ya kioo inayonuka siki inapokauka. Hakunipa tangi mpaka ile harufu ilipokwisha kabisa, kisha akalijaza maji barazani kwake likalala usiku kucha mbele ya macho ya wapita njia. Halikuvuja tone. Mpaka leo halijavuja, na mishono yake ya ndani ni miembamba, imenyooka, hakuna uvimbe wala mapengo.

Kuta ni plastiki ngumu nyeusi ya milimita 4, ile wanayochongea mabango ya maduka. Tulishauriana sana juu ya rangi. Kioo kitupu tulikikataa, sababu nimeshaieleza. Kioo cha ukungu kinaficha sura lakini kivuli kinaonekana, na beta kivuli kinamtosha kuanza ugomvi. Nyeusi inaziba kabisa, ila plastiki hiyo ikitoka dukani inang'aa, na kitu cheusi kinachong'aa ni kioo cha kujitazamia. Dume akijiona anadhani ni mwenzake. Kwa hiyo fundi alizisugua pande zote mbili kwa msasa wa maji mpaka zikafubaa. Hili ndilo naloliona muhimu kupita yote kwenye kazi nzima, na ukienda kwa fundi mwingine popote ulipo, lisisitize. Saluni kwangu kuna vioo vikubwa ukutani na taa pande zote, kama zile kuta zingebaki na mng'ao, samaki wangu wangekuwa vitani asubuhi hadi jioni.

Kila ukuta unashuka kati ya vipande viwili vyembamba vya kioo vilivyogundishwa kwa silikoni kwenye ubavu wa tangi. Unaweza kuuvuta juu ukautoa, ukausugua ute, ukaurudisha. Ukitaka kuunganisha vyumba viwili, unatoa ukuta mmoja tu. Kuta zilizogundishwa moja kwa moja ni imara zaidi, hilo silipingi, ila hazikupi nafasi hiyo, na kona zake hazisafishiki.

Mabaya nayo yalikuwepo. La kwanza ni matundu. Fundi alitoboa kwa mashine, matundu ya milimita 4, mistari mizuri iliyonyooka, lakini kila tundu alilitoa na makali yake. Ukipitisha kidole hupati mchubuko, ila pezi la beta ni laini kuliko kitambaa chochote ninachokijua. Nilikaa na tupa ya kucha, hii tunayotumia hapahapa saluni, nikapita tundu moja baada ya jingine, upande huu kisha upande wa pili. Kipimo changu kilikuwa kipande cha soksi ya nailoni: nakiburuta juu ya tundu, kikinasa hata uzi mmoja narudia kusugua, kikiteleza nahamia linalofuata. Wasichana wangu walinisaidia siku ambayo wateja walikuwa wachache, na kuta zote tatu zikawa laini. Kazi hiyo fundi angeweza kuimaliza kwa msasa wakati ule plastiki bado iko mezani kwake. Mwambieni kabla.

La pili ni mahali yalipokaa hayo matundu. Alitoboa katikati tu ya ukuta, mstari juu ya mstari, juu na chini pakabaki pazima. Ili kujua kama maji yanazunguka, nilitumia majani ya mkungu. Nilichemsha majani makavu mpaka maji yakawa na rangi ya chai ya rangi, yakapoa, nikamimina chumba cha kwanza kilichokuwa na filta, tangi likiwa bado halina samaki. Kisha nikaendelea na kazi zangu huku natupia jicho. Rangi iliingia chumba cha pili polepole, ikafifia kwenye cha tatu, na mpaka tunafunga saluni jioni chumba cha nne kilikuwa cheupe kabisa. Maana yake ni kwamba maji ya chumba cha nne hayakuwa yanafika kwenye filta. Samaki wa pale angeishi kwenye uchafu wake mwenyewe huku mimi najidanganya kwamba ana lita 75 za maji.

Nilizichomoa kuta nikampelekea. Aliongeza mistari miwili ya matundu karibu na sakafu ya tangi, kwa kupishana, ukuta wa kwanza upande wa mbele, wa pili upande wa nyuma, wa tatu mbele tena, ili maji yasipite njia moja iliyonyooka. Hakunitoza hata shilingi. Nami nikaweka filta mbili za sponji, moja kila mwisho wa tangi. Niliporudia kipimo cha mkungu, alasiri vyumba vyote vilikuwa rangi moja. Nawasihi wote wenye tangi la vyumba wafanye kipimo hiki kabla ya kuingiza samaki. Ni bure, na kinaonyesha usichoweza kukiona kwa macho.

La tatu, ukuta mmoja uliacha uwazi chini kwa sababu reli yake haikusimama wima. Aliurekebisha kwa kipande cha plastiki alichogundisha chini, nao sasa unakaa barabara. Ila ilibidi tangi limwagwe likaushwe upya, na huo ni usumbufu mkubwa kwa kitu chenye uzito ule. Tangi hili likijaa maji na mchanga linakaribia kilo 100. Meza yangu ni ya mninga, chini ya tangi nimelaza foromu nyeupe ile inayokuja na katoni za televisheni ili kioo kisikalie kichwa cha msumari wala chembe ya mchanga. Meza ya mbao za kubandika isijaribiwe kabisa.

Mfuniko nao una habari yake. Mwanzoni alikata kioo kimoja cha kufunika tangi zima. Kizito, na kila unapokifungua unafungua vyumba vyote kwa mpigo. Beta anaruka. Mwenye mapezi mafupi ndiye mbaya zaidi, na mimi ninaye mmoja, Pilipili, ambaye akiona kidole juu ya maji anakirukia. Nikaomba mifuniko minne midogo, kila chumba na wake, pembe moja imekatwa kupitisha mpira wa hewa. Mabadiliko hayo nililipia, na ni haki yake. Sasa nikimlisha mmoja wengine wamefunikwa. Maji hayafiki kwenye mfuniko, naacha nafasi ya kutosha, kwa sababu beta anapanda kuvuta hewa na hewa ile inatakiwa iwe ya joto na unyevu, si upepo mkavu wa feni.

Feni ndiyo inanileta kwenye suala la mahali pa kuweka tangi. Nawaambia hasa wenzangu wenye saluni, maana wengi wamelitamani. Rangi nyingi za nywele zina amonia, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini moja kwa moja. Ukipaka mteja rangi karibu na pampu, unawapelekea samaki sumu kwa mpira. Pampu yangu nimeitundika dirishani upande wa barazani, inavuta hewa ya nje, mpira unapita kwenye tundu la dirisha. Na spirei za nywele hazipulizwi upande ule wa chumba, hilo wasichana wangu wanalijua kama wanavyojua bei za misuko.

Maji ya bomba hapa Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, hayana chumvi, na huwekewa dawa ya klorini kabla ya kutufikia. Nayaacha kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake, au naweka matone ya dawa ya kuondoa klorini nikiwa na haraka. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, maji yake siyatumii. Kila wiki natoa robo ya maji, nafyonza kwa mpira chumba kimoja kimoja, kwa sababu uchafu haupiti kwenye matundu hata kama maji yanapita. Sponji za filta nazikamua ndani ya maji yaleyale niliyotoa kwenye tangi. Ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati ambayo sumu yake ni ndogo, na klorini ya bomba inawaua. Kwa sababu hiyohiyo tangi jipya halipokei samaki siku ya kwanza, linahitaji wiki kadhaa hao bakteria wazaliane.

Joto la Tanga linawafaa beta, wao wanapenda nyuzi 25 hadi 28 na saluni kwangu maji yanafika hapo yenyewe karibu mwaka mzima. Usiku wa Julai yanashuka kidogo, nafunga dirisha. Aliye Lushoto, Arusha au Nairobi atahitaji hita, na ajue kwamba hita moja kwenye chumba cha mwisho haipashi chumba cha kwanza sawasawa. Aweke kipimajoto pande zote mbili.

Na umeme ukikatika, tangi hili halinitii hofu. Beta anapanda juu anavuta hewa yake, hana shida. Ukikatika kutwa nzima nakamua sponji kidogo kwenye ndoo ya maji niliyotoa kwenye tangi kabla ya kuwasha pampu, ili uchafu uliolala usimwagike ndani.

Narudi kwenye majani ya mkungu, maana yamekuwa zaidi ya kipimo. Mti huu tunaookotea kungu utotoni ndio mti uleule ambao wafugaji wa Thailand hutumia majani yake kwa beta. Jani kavu likikaa majini linatoa rangi ya kahawia na kuyafanya maji yawe na uchachu kidogo, kama ya madimbwi wanakotoka samaki hawa, na wafugaji wengi wanaamini linasaidia mapezi kupona. Mtandaoni nimeona yakiuzwa kwa pakiti, kwa fedha za kigeni. Sisi wa pwani yanatuangukia. Naokota yaliyokauka yenyewe, mbali na barabara na mbali na bustani inayopigwa dawa, nayaosha, natumbukiza jani moja kila vyumba viwili. Likianza kuoza natoa. Maji yenye rangi ile yanapunguza ukali wa taa, na Zumaridi, yule wa bluu mwenye mkia unaofunguka nusu duara, tangu aingie humo pindo za mkia wake hazijachanika.

Wote wanne wanajenga viota vya mapovu juu ya maji, chini ya majani yanayoelea. Walio vyumba vya katikati, Sultani na Jahazi, viota vyao vinadumu kwa sababu hakuna filta inayotikisa maji. Walio mwisho, Zumaridi na Pilipili, nimewapunguzia hewa kwa koki ndogo ili mapovu ya pampu yasivunje kazi yao. Nikiona dume anajenga, najua ametulia. Kwenye ile shiti ya matundu Sultani hakujenga hata mara moja.

Faida nyingine ya vyumba ni chakula. Kila mmoja namhesabia chembe zake, mbili au tatu asubuhi, na jioni nikipata viluwiluwi vya mbu nawapa. Samaki asiyekula anaonekana siku hiyohiyo. Wangekuwa wanachanganyika ningechelewa kujua. Viluwiluwi nawafuga kwenye ndoo iliyofunikwa kwa wavu mwembamba, nawamaliza wote kabla hawajawa mbu, na anayefuga afanye hivyo hivyo kwa ajili ya majirani.

Jambo moja ambalo hakuna fundi wala muuzaji atakueleza: kuta zinatenganisha samaki, hazitenganishi magonjwa. Maji ni mamoja. Ukiona vidoa vyeupe kwa mmoja, hesabu kwamba wote wanne wameshakutana navyo, na dawa utakayoweka ni ya tangi zima. Kumtoa mgonjwa peke yake kunamsaidia yeye kupumzika, hakuwakingi wenzake. Kwa hiyo samaki mgeni haingii kwangu akitoka kwenye basi. Anakaa kwenye ndoo yake ya kioo chumba cha nyuma kwa wiki kadhaa, na vifaa vyake, wavu wake, mpira wake, havigusi tangi kubwa. Mtu asiyekuwa tayari kwa hilo ni afadhali anunue matangi madogo manne yanayojitegemea, ingawa atahitaji filta nne na nafasi ya kuyapanga, na maji ya lita 18 peke yake hubadilika haraka kuliko ya lita 75 yanayochangia.

Majike pia wanaulizwa sana. Kumweka jike chumba cha jirani na dume akiwa amezibwa ni sawa. Kumweka chumba kimoja na dume ni kwa ajili ya kuzalisha tu, kwa uangalizi, na mayai yakishatoka jike anaondolewa, dume anabaki kulinda kiota. Vifaranga watapita kwenye matundu ya milimita 4 bila taabu na jirani atawala, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike kwenye chombo kingine kabisa.

Bei. Tangi, kuta tatu zilizosuguliwa na matundu, vilinigharimu 185,000, mifuniko minne nikaongeza 20,000. Filta za sponji, pampu na mipira vilikuja kwa basi kutoka Dar. Si rahisi, lakini kioo ni kizuri, kazi ni safi, na fundi anayekubali kurudiwa bila kununa ni wachache. Ningempa alama nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa yale makali ya matundu na ile reli, maana vyote viwili ni vitu vya kuonekana kwa fundi kabla ya mteja.

Anadai nusu ya fedha mbele, nusu ukichukua. Nendeni mapema kabla ya Ramadhani, kwa sababu ikikaribia Idi watu wanabadilisha madirisha na makabati na kazi za samaki zinasogezwa nyuma. Chukueni mchoro wenye vipimo kwa sentimita, na mwandike kwenye mchoro huohuo: nyeusi, isuguliwe pande zote, matundu yafike chini, makali yaondolewe. La kwangu la pili nimeshaliagiza. Urefu ni uleule, ila vyumba vitatu badala ya vinne, kwa sababu mkia wa Zumaridi umekua na nataka apate nafasi pana zaidi ya kugeuka.